Deni silikatai, ila hesabu yao siielewi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tano usiku. Watoto wamelala, mume wangu amelala, na mimi nimetandaza risiti kumi na mbili juu ya meza. Moja imefifia kabisa. Ukiielekeza kwenye taa unaona tarehe na tarakimu mbili tu, basi.

Miaka mitatu iliyopita nilikopa 300,000 kwa taasisi ya mikopo. Tulikubaliana nirudishe 360,000 kwa miezi kumi na miwili, yaani 30,000 kila mwezi. Miezi saba nililipa bila kukosa. Mwezi wa nane mume wangu akaanguka kazini, akavunjika mfupa wa nyonga, na pesa yote ya nyumba ikaelekea hospitalini. Miezi minne mfululizo sikupeleka kitu. Hilo sijitetei. Nilimpigia afisa mkopo nikamweleza, akaniambia nikipata chochote nipeleke.

Nikapata kidogo. Nikapeleka 20,000 mara tatu, akaunti ileile ya siku zote. Baada ya malipo ya pili ndipo ukaja ujumbe kwenye simu kwamba deni langu limehamishiwa kampuni ya kukusanya madeni, na nisilipe tena kwa mkopeshaji. Ile ya tatu ilikwenda siku mbili baada ya ujumbe huo. Nilikuwa nimeshampa mdogo wangu pesa apeleke, sikukumbuka kumzuia.

Hao wakusanyaji nao nimewalipa 15,000 mara mbili. Kisha nikasimama, maana kila nikiuliza nimebakiza ngapi napewa jibu tofauti. Mwezi uliopita nikawaambia sitoi kitu tena mpaka nione maandishi. Wakaniletea karatasi moja, na yote iliyomo ni haya:

Salio lililohamishwa: 165,000
Gharama za ukusanyaji: 37,500
Malipo yaliyopokelewa: 30,000
Baki: 172,500

Mimi kwa hesabu yangu ya kichwa nilikuwa nimebakiza 150,000. Nimelipa 60,000, nikalipa na 30,000. Basi imebaki 60,000. Nilipomwambia hivyo kijana anayenipigia, akacheka, akaniuliza nimesomea uhasibu wapi. Halafu akasema, "Mama, wewe unakataa deni. Wanaokataa deni tunajua wanakoishia." Akataja jela. Kesho yake akampigia shemeji yangu, kaka wa mume wangu, akamweleza kila kitu. Shemeji akaniuliza mbele ya wakwe zangu. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Sasa wamekuja na punguzo. Nikilipa 110,000 kabla ya Ijumaa wanafuta lililobaki. Mume wangu anasema tukope kwa huyohuyo kaka yake tulipe, tupate usingizi. Mimi moyo unagoma.

Mkataba ninao. Panaposema kuchelewa pameandikwa: "faini ya asilimia 5 ya rejesho lililochelewa, itakayotozwa mara moja kwa kila rejesho." Chini yake: "mkopaji atabeba gharama halisi na za kiasi zitakazotumika kufuatilia deni." Riba ya kuchelewa sikuiona popote.

Shangazi, nilipe hiyo 110,000? Na nikibisha, si ndiyo nitakuwa nimekataa deni kweli? Kwa mwezi naweza kutoa 10,000, zaidi ya hapo watoto watalala njaa.

Mdaiwa Asiyekimbia

* * *

Marahaba, mwanangu. Mpe mume wako pole. Na wewe pole kwa ile simu ya shemeji, nitaifikia.

Usilipe 110,000. Naanza na hilo kwa sababu Ijumaa iko karibu, na kwa sababu hilo wanaloliita punguzo ni kubwa kuliko deni lako. Nimekaa na namba zako na maneno ya mkataba wako asubuhi nzima. Kwa ninavyozisoma mimi, unadaiwa 67,500. Wao wamezidisha mno, na wewe umejipunjia kidogo. Chukua kalamu twende pamoja, maana namba hii utaitetea wewe mwenyewe, mimi sitakuwepo.

Angalia mstari wa gharama za ukusanyaji. 37,500 ni robo kamili ya 150,000. Ingekuwa robo ya 165,000 tungeona 41,250. Maana yake aliyekokotoa gharama hizo alianza na 150,000, namba ileile unayoisema wewe na uliyochekewa kwa kuisema. Karatasi yao wenyewe inakutolea ushahidi. Kuna mahali kwenye vitabu vyao salio lako limeandikwa 150,000, kisha njiani likapanda likawa 165,000.

Hizo 15,000 zimetoka wapi? Mkataba unatoza asilimia 5 ya rejesho la 30,000, ambayo ni 1,500. Na 15,000 ni 1,500 mara kumi. Lakini wewe ulikosa marejesho manne tu kabla deni halijahamishwa, sasa kumi inaingiaje? Hapa nilisimama kidogo. Kisha nikajaribu kulitoza rejesho la kwanza kwa miezi yote minne liliyokaa bila kulipwa, la pili kwa miezi mitatu, la tatu kwa miwili, la nne kwa mmoja. Nne, tatu, mbili, moja: kumi. Sikuwepo walipokokotoa, ila namba inakaa sawasawa, na huo ndio mtindo wa faini inayorudi kila mwezi. Mkataba wako unasema mara moja kwa kila rejesho. Marejesho manne ni 6,000, na la tano, la mwezi wa mwisho, nalo hukulileta kwa wakati. Jumla 7,500. Hiyo unadaiwa, mwanangu, na wewe ndiye wa kuiandika wa kwanza. Ukiwapelekea hesabu iliyosahau kile kinachokuumiza wewe, watashika hilo kosa moja na kuitupa barua nzima.

Kisha ile 60,000 ambayo haionekani kabisa. Hapa ndipo wadaiwa wengi wanapoibiwa bila mtu kuwaibia: faili limeondoka ofisi ya kwanza, malipo yameingia nyuma yake, na hakuna aliyeyakimbiza. Sheria za nchi nyingi zinakubaliana katika jambo hili. Anayepokea deni analipokea kama lilivyo, pamoja na malipo yake yote na kasoro zake zote. Hawezi kudai zaidi ya alichokuwa anadai yule aliyempa. Na malipo uliyofanya kwa mkopeshaji wa kwanza kabla hujaarifiwa kwamba deni limehamishwa ni malipo halali, yamepunguza deni, liwe limehamia kwa nani. Kwa hiyo 40,000 ya mwanzo haina mjadala.

Ile 20,000 ya tatu ni ngumu kidogo, na nisingependa uingie vitani hujui. Uliarifiwa, ukalipa kulekule. Wanaweza kusema hawaihesabu. Lakini pesa hiyo haikuyeyuka. Aliipokea mkopeshaji, ikaingia kwenye akaunti yenye namba ya mkopo wako. Ama aipeleke kwa wakusanyaji ihesabiwe, ama akurudishie. Kuikalia hawezi. Ndiyo sababu barua yako itakwenda kwa wote wawili, nakala moja kwa kampuni na nyingine kwa mkopeshaji, ili mmoja asikutume kwa mwenzake kama mpira.

Tunabaki na 37,500. Mkataba wako una maneno mawili ya thamani kubwa: "gharama halisi". Gharama halisi ni kitu kilichotumika, chenye siku yake na ankara yake. Robo ya deni haijatumika popote, imekokotolewa tu. Wakikuletea ankara ya wakili aliyeandika barua ya madai, au nauli ya mtu aliyekuja mpaka mlangoni, na iwe ya kiasi, utailipa. Wasipoleta, mstari huo unafutika. Marekani jambo hili limeandikwa waziwazi katika sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 inayosimamia wakusanyaji madeni: hawaruhusiwi kudai riba, ada wala gharama ambayo haimo katika mkataba uliozaa deni wala haikuruhusiwa na sheria. Hata kwa nchi isiyo na sheria ya namna hiyo, swali "kifungu gani cha mkataba?" ndilo la kwanza ambalo hakimu yeyote atawauliza.

Sasa jumlisha. 150,000 na faini 7,500 ni 157,500. Toa 60,000, toa 30,000. Imebaki 67,500. Tofauti yako na wao ni 105,000, na kila senti yake ina mahali ilipotoka: 60,000 ya malipo yaliyopotea, 37,500 ya gharama zisizo na ankara, 7,500 ya faini iliyotozwa kupita mkataba. Ukiweza kuitaja tofauti hivyo, mstari kwa mstari, mtu wa simu hawezi tena kukucheka.

Na hilo ndilo jibu la swali lako la pili, lililokukaa moyoni kuliko yote. Kukataa deni ni kusema sikukopa, au nilishalimaliza, au simjui mtu huyu. Wewe husemi hivyo. Wewe unasema nilikopa, nilichelewa, nimelipa kiasi hiki, nionyesheni mlivyofika kwenye namba yenu. Huko ni kupinga salio, na mdaiwa anayepinga salio kwa maandishi ni mtu anayelipa. Yule kijana analijua hilo. Anachanganya mambo hayo mawili kwa makusudi, kwa kuwa mwenye haya hulipa haraka. Nimesoma barua nyingi za namna yako na naweza kukuambia, aibu ndiyo iliyolipa madeni mengi yasiyokuwepo.

Acha kuongea nao kwa simu. Akipiga, sema: "Nimekusikia. Nitajibu kwa maandishi. Niandikie jina lako kamili na anwani ya ofisi." Rudia hivyohivyo hata akiongeza sauti, kisha kata. Usitaje namba yoyote, usiahidi siku yoyote, usiseme "nitajitahidi Ijumaa". Ahadi ya simu huandikwa upande wao tu.

Barua yenyewe iwe fupi. Nimekuandalia hii, jaza majina na tarehe:

"Kuhusu mkopo namba (…). Nimepokea karatasi yenu ya tarehe (…) inayoonyesha baki ya 172,500. Sikubaliani na kiasi hicho, kwa sababu hizi. Malipo matatu ya 20,000 niliyofanya kwa mkopeshaji tarehe (…), (…) na (…) hayamo katika hesabu yenu. Nakala za ushahidi nimeambatanisha. Faini ya kuchelewa kwa mujibu wa mkataba ni 1,500, mara moja kwa kila rejesho, jumla 7,500. Mkataba unaruhusu gharama halisi pekee, na hamkuambatanisha ankara yoyote ya hiyo 37,500.

Kwa hesabu yangu baki ni 67,500. Naomba mniletee taarifa kamili ya mkopo tangu siku ya kwanza, inayoonyesha kila tozo na kila malipo kwa tarehe. Nakala ya mkataba mnaoutumia. Ankara za gharama. Na hati inayoonyesha kama mmelinunua deni hili au mnalikusanya kwa niaba ya mkopeshaji. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Wakati tunasubiri, niko tayari kulipa 10,000 kila mwezi kwa ajili ya kiasi nisichokibishania. Naomba pia msiwasiliane na mtu mwingine yeyote kuhusu deni hili isipokuwa mimi."

Inatosha. Usieleze habari ya hospitali, usilie, usitukane. Habari ya ugonjwa utaihitaji kama siku moja utaomba wakupunguzie, na hapo itakuwa na uzito wake. Leo unadai hesabu.

Ile hati ya mwisho, ya kununua au kukusanya kwa niaba, watu huiruka na ni muhimu sana. Kama ni mawakala, mwenye deni bado ni mkopeshaji wako wa zamani, na unaweza kwenda ofisini kwake ukazungumza na mtu mwenye uwezo wa kurekebisha daftari. Kama wamelinunua, mkopeshaji amenawa mikono katika kudai, lakini bado ana wajibu wa kueleza ile 20,000 aliipeleka wapi. Vilevile hujui kama hao wanaokupigia ndio kweli waliopewa deni. Matapeli wanaodai madeni ya watu wapo. Muulize mkopeshaji kwa maandishi: mmelipeleka deni langu kwa nani, na siku ile salio lilikuwa ngapi? Akijibu 150,000, kazi yako imekwisha nusu.

Ipeleke barua kwa njia inayoacha alama. Rejista ya posta inafaa, au kwa mkono na nakala yako ikagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua pepe nayo inafaa ukihifadhi na majibu yao. Usitoe risiti halisi hata moja. Toa nakala.

Hukuniambia uko nchi gani, na kwa hesabu sikuhitaji kujua. Kwa muda na adhabu, inabidi ujue. Marekani ukiandika kupinga deni ndani ya siku 30 tangu upate taarifa yao ya kwanza, mkusanyaji lazima asimame kukudai mpaka akuletee uthibitisho. Na tangu Novemba 2021 taarifa hiyo inatakiwa ionyeshe riba, ada, malipo na makato tangu tarehe maalumu, siyo jumla tupu. Uingereza, kwa mikopo mingi iliyo chini ya sheria ya mikopo ya walaji ya 1974, mdaiwa anaweza kuomba nakala ya mkataba na taarifa ya deni kwa pauni 1, na wasipotoa ndani ya siku 12 za kazi hawawezi kulilazimisha deni mahakamani mpaka watoe. Kenya, kanuni za mwaka 2022 za watoa mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho, matusi, na kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Nakutajia hizi uone kwamba unachokiomba si cha ajabu. Nenda kwa mamlaka inayotoa leseni kwa wakopeshaji huko uliko, mara nyingi ni benki kuu au tume ya kulinda walaji, uulize wana kanuni gani na malalamiko yanapokelewa wapi. Kulalamika kwao kwa kawaida hakuhitaji wakili.

Kuna nchi pia zilizoweka dari. Kenya, kifungu cha 44A cha sheria ya mabenki kinazuia benki kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwepo siku mkopo ulipoacha kulipika. Afrika Kusini sheria ya mikopo ya mwaka 2005 inakwenda mbali zaidi, inajumlisha riba, ada na gharama za ukusanyaji pamoja, na zote haziruhusiwi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku ya kushindwa kulipa. Kwako haijafika huko. Nimelisema kwa ajili ya wanaosoma hapa na madeni yaliyozaa mara tatu.

Kwa hao pia niseme neno moja kuhusu deni la zamani. Barua niliyomwandikia binti huyu inakiri deni, na kwake haidhuru kwa kuwa deni lake ni la juzi. Lakini deni lina umri wa kushtakiwa. Kwa mkataba wa kawaida, Uingereza (ukiacha Uskoti), Kenya na Tanzania ni miaka 6. Na katika sheria za aina hiyo, kulipa hata kidogo au kukiri kwa maandishi kabla muda haujaisha kunaweza kuanzisha hesabu ya miaka upya. Kama deni lako lina miaka mingi tangu uliposimama kulipa, usinakili barua hii. Muone kwanza mtu wa msaada wa kisheria.

Jela. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 11, unasema hakuna mtu atakayefungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza wajibu wa mkataba, na nchi nyingi mno zimeuridhia. Zipo nchi ambako mdaiwa aliyeshindwa kesi, mwenye uwezo na asiyetaka kulipa, anaweza kuwekwa kifungo cha madai. Hicho hutolewa na hakimu, baada ya kesi, baada ya hukumu, baada ya wewe kusikilizwa. Kijana wa simu hana funguo za jela yoyote. Ila siku ukiletewa samansi ya mahakama, hiyo ni karatasi nyingine kabisa. Isome, angalia siku ya kujibu, nenda. Ukikaa nyumbani hukumu itatoka ya upande mmoja, na 172,500 itageuka kweli kwa sababu hakuna aliyeipinga.

Shemeji. Mwambie mume wako azungumze naye, wewe usijieleze mbele ya wakwe mara ya pili. Na muombe shemeji kitu kimoja: aandike tarehe na saa aliyopigiwa, namba iliyompigia, na maneno aliyoambiwa kadiri anavyoyakumbuka, atie sahihi. Katika nchi nyingi kumweleza mtu wa pembeni habari za deni la mwingine kunavunja kanuni za ukusanyaji au sheria ya faragha, na karatasi hiyo ya shemeji itaambatana na malalamiko yako kwa mamlaka. Mambo haya yasichanganyike na hesabu. Barua ya salio isimame peke yake, malalamiko ya simu yasimame peke yake. Nimeona watu wakiyaweka pamoja, ofisi ikajibu kwamba inasikitika kwa lugha iliyotumika, na kuhusu salio isiseme neno.

Hiyo 10,000 ya kila mwezi, anza kuilipa mara tu watakapothibitisha kwa maandishi wao ni nani na akaunti ni ipi. Kila ukilipa andika kwenye maelezo: "malipo ya deni lisilobishaniwa, mkopo namba fulani". Katika sheria nyingi za mikataba anayelipa ana haki ya kusema pesa yake inakwenda kulipa nini, lakini aseme wakati wa kulipa. Akikaa kimya, mpokeaji ataipeleka anakotaka, na yeye ataanza na gharama na faini huku deni lenyewe likibaki palepale. Huenda hata zile 15,000 mbili zimemezwa hivyo. Taarifa kamili ikija, angalia ziliingizwa wapi.

Wanaweza kurudi na namba ya katikati, tuseme 85,000. Usikimbilie kufurahi. Waulize imeundwaje, mstari kwa mstari, kama ulivyofanya na hii. Kama ndani yake kuna ankara ya kweli, ongeza kwenye 67,500 na ukubali. Kama wameikata tu ili muagane, bado unadaiwa 67,500. Ukifikia makubaliano yoyote, karatasi ije kabla ya pesa: kiasi, tarehe za kulipa, na maneno kwamba kiasi hicho kikikamilika hudaiwi tena kitu na taarifa itapelekwa kwa taasisi za taarifa za mikopo. Siku ya rejesho la mwisho chukua barua ya kutodaiwa. Baada ya mwezi mmoja au miwili omba taarifa yako ya mikopo uone wameandika nini. Kama bado inaonyesha 172,500, barua zako hizohizo ndizo utakazozipeleka huko kupinga.

Mume wako muonyeshe hesabu hii usiku mkiwa wawili, kabla hajampigia kaka yake. Anataka usingizi, nami namwelewa, mtu aliyelala hospitali huku mkewe anasakamwa kwa simu. Lakini 110,000 ya kukopa ni 42,500 zaidi ya mnachodaiwa, na kwa shemeji nako itarudishwa.

Na ile risiti iliyofifia, usiipitishe kwenye joto wala usiigandishe kwa selotepu, karatasi za aina hiyo huzidi kufa. Ipige picha sasa hivi, taa ikiwa upande mmoja ili tarakimu zijitokeze. Kisha kesho nenda benki uombe taarifa ya akaunti ya miezi ile mitatu uliyolipa 20,000, au nakala ya hati za kuweka pesa kama mdogo wako alilipa taslimu dirishani. Ikiwa iliyofifia ni mojawapo ya hizo tatu, niandikie tena kabla hujapeleka barua.